Jiwe na Kifani Chake

Katika lugha yetu, tukitaka kusifu kitu kupita kiasi, twasema: hakina kifani. Mfalme asiye na kifani, uzuri usio na kifani. Kitu kinachosimama peke yake hupewa sifa yote. Lakini iko kazi moja ambamo sifa hiyo yageuka kuwa hasara, nayo ni kazi ya kuchagua vito vya herini. Mwanamke ana masikio mawili. Jiwe moja, hata likiwa zuri namna gani, halimfai. Lazima lipatiwe mwenzake.

Na mwenzake akiisha kupatikana, latokea jambo la kufikirisha. Mawe yale mawili yakiwekwa pamoja hupata thamani kupita hesabu ya moja na moja. Hakuna kilichoongezwa ndani ya mawe yenyewe. Jana yalikuwa mawe mawili, leo ni jozi. Na jozi yauzwa ghali zaidi. Basi twauliza: ile ziada ni mali ya nani? Ya mwenye jiwe la kwanza, au ya mwenye jiwe la pili, au ya yule aliyeyakutanisha? Na tena: mtu anayejua kwamba mawe mawili ni jozi, je, ana ruhusa ya kumnyamazia asiyejua?

Swali hili si la masonara na matajiri peke yao. Lamhusu kila mtu anayenunua kitu kwa mwenzake, naye ajua kitamfaa nini, lakini muuzaji hajui. Sisi tutalitazama katika vito, kwa sababu humo laonekana wazi.

I. Jiwe lenyewe

Tuchague jiwe moja ili tusiseme hewani: spineli ya rangi ya zambarau. Spineli imefanywa kwa magnesiamu, alumini na oksijeni. Ni jiwe gumu. Katika kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, ambacho almasi ina ngazi ya 10, spineli ina ya 8. Kwa hiyo laweza kuvaliwa miaka mingi bila kuchubuka upesi. Likiwa halijakatwa, mara nyingi lina umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kwa vitako vyake, lenye pande nane. Rangi yake hutoka katika vitu vichache sana vilivyochanganyika nalo: kromi huleta wekundu, chuma huleta buluu, na vyote viwili vikiwamo pamoja jiwe laelekea zambarau.

Mawe ya namna hii huchimbwa Tanzania, katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Na tena huko kusini, Tunduru, ambako watu wengi walikimbilia mawe katika miaka ya 1990. Mwaka 2007, mahali paitwapo Ipanko karibu na Mahenge, yalipatikana mawe makubwa ajabu ya spineli yenye wekundu wa waridi, na moja lao lilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 50. Tangu hapo jina la Mahenge lajulikana kwa wafanya biashara wa vito wa dunia nzima. Spineli za zambarau hazikupata sifa kubwa kama zile nyekundu. Bei yake ni nafuu, na kwa hiyo watu wa mali ya kadiri huzitafuta kwa ajili ya pete na herini.

Wengi wanaochimba huko ni wachimbaji wadogo. Wana sururu, nyundo, patasi, karai na chekeche. Huosha mchanga mtoni au huvunja marumaru ambamo mawe yamejificha. Mchimbaji humwuzia dalali, dalali humwuzia mnunuzi mkubwa, na mawe mengi hupelekwa mbali, kama vile Bangkok au Jaipur, kukatwa na kung'arishwa. Kisha yamfikia sonara, na kwa sonara yamfikia mvaaji. Katika safari hiyo ndefu, anayejua kidogo kabisa habari za mwisho wa jiwe ni yule aliyelitoa ardhini.

Wala tusimcheke kwa kutojua. Kutojua spineli si aibu ya maskini peke yake. Mbele ya taji la ufalme wa Uingereza kuna jiwe kubwa jekundu, ambalo kwa karne nyingi liliitwa yakuti nyekundu, na mpaka leo laitwa yakuti ya Black Prince. Kumbe ni spineli. Mnamo mwaka 1783 ndipo mtaalamu Mfaransa, Romé de l'Isle, alipozieleza vema tofauti za mawe hayo mawili. Ikiwa wafalme na watunza hazina wao walikosea miaka hiyo yote, mchimbaji wa Tunduru ana kosa gani?

II. Namna ya kuchagua jozi

Tuone sasa jozi huchaguliwaje, maana bila kuijua kazi hatuwezi kuhukumu malipo yake.

Jambo la kwanza ni rangi. Jina la zambarau latoka katika tunda la mzambarau, na tunda lenyewe latufundisha. Likianza kuiva huelekea wekundu; likiiva kabisa huwa karibu jeusi. Katikati zimo rangi nyingi, nasi twaziita zote zambarau. Hivyo ndivyo ilivyo kwa spineli. Kwa hiyo mchaguzi hatosheki na jina. Huuliza maswali matatu: Rangi hii yaelekea wekundu au yaelekea buluu? Imekolea au imepauka? Ni ya giza au ni ya mwanga? Mawe mawili yakijibu sawa mara mbili na kutofautiana mara ya tatu, bado si jozi njema.

Huyaweka mawe juu ya karatasi nyeupe, uso juu, karibu na dirisha lakini si katika jua kali. Huyatazama, kisha huyabadilisha: la kuume huenda kushoto, la kushoto huenda kuume. Kwa nini? Kwa sababu mwanga hauanguki sawasawa pande zote mbili. Ikiwa tofauti yahama pamoja na jiwe, ni tofauti ya jiwe. Ikiwa yabaki pale pale karatasini, ni tofauti ya mwanga tu. Akili ya kazi yapendeza: kabla ya kulaumu jiwe, lijaribu mahali pa mwenzake.

Kisha huyapeleka penye taa. Ziko spineli za zambarau ambazo mchana huonyesha buluu, na usiku chini ya taa ya rangi ya moto huelekea wekundu. Mawe mawili yaweza kuwa ndugu mchana na wageni usiku. Na herini huvaliwa hasa usiku wa karamu. Anayechagua kwa mwanga mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Spineli ina msaada mmoja usiopatikana katika yakuti. Yakuti ukiigeuza huonyesha rangi mbili, hii kwa upande huu, ile kwa upande ule. Spineli huonyesha rangi ile ile kwa kila upande. Walakini kina cha jiwe hubadilisha giza lake. Jiwe lenye kina kirefu huonekana zito zaidi kuliko lenye kina kifupi, hata kama yote mawili yametoka katika kipande kimoja.

Jambo la pili ni ukubwa. Mtu asiyezoea huuliza uzito: karati ngapi? (Karati moja ni gramu 0.2.) Lakini jicho halipimi uzito, lapima uso. Mawe mawili ya karati moja moja yaweza kuwa na nyuso zisizolingana, kwa kuwa moja limeficha uzito wake chini. Kwa jozi, kipimo cha milimita chapita mizani: urefu, upana, kisha kina.

Jambo la tatu ni mkato. Yawe na umbo moja, pande ndogo ndogo zilizopangwa namna moja, na yarudishe mwanga namna moja. Jiwe lililokatwa vibaya lina kama tundu katikati: mwanga wapenya, nawe waona karatasi chini yake. Likiwekwa pamoja na jiwe linalong'aa uso wote, moja laonekana hai na jingine limelala.

Jambo la nne ni usafi. Nyufa na madoa ya ndani hutazamwa kwa kioo cha kukuzia, lakini huhukumiwa kwa macho matupu. Hapa masonara wana hekima ya kiasi. Herini mbili hazikai kamwe pamoja. Kati yake kuna kichwa cha mtu. Hakuna awezaye kuzitazama zote mbili kwa karibu mara moja. Kwa hiyo tofauti ndogo sana yavumilika. Mawe ya ardhini yana tofauti kidogo karibu siku zote; na mtu akiletewa spineli mbili kubwa zisizotofautiana hata chembe, tena kwa bei rahisi, afadhali ashuku, kwa maana tangu mwanzo wa karne ya 20 spineli hutengenezwa kwa moto katika viwanda.

Basi, ili kupata jozi moja, mchaguzi hupitia mawe mengi, na pengine jiwe moja lamngojea mwenzake miezi au miaka. Wakati mwingine mawe karibu yalingane, ila moja ni kubwa kidogo. Ndipo mkataji hulikata tena lile kubwa, na sehemu yake yapotea kama vumbi. Tusisahau kwamba katika kukata mara ya kwanza, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito imekwisha kupotea. Kwa hiyo katika bei ya jozi zimo sehemu mbili. Sehemu moja ni malipo ya macho, subira, fedha iliyolala na jiwe lililopunguzwa. Sehemu ya pili si malipo ya kazi yo yote. Ni ziada ya kukutana tu. Sehemu hii ya pili ndiyo inayotushughulisha.

III. Shauri

Tuweke mfano, kwa hesabu nyepesi. Mnunuzi mmoja amekaa na spineli ya zambarau miaka mitatu. Peke yake yauzwa kwa 100. Siku moja mchimbaji amletea jiwe jingine. Mnunuzi alitazama, na moyo wake waruka: ndilo! Nalo peke yake lauzwa kwa 100. Lakini yote mawili pamoja sonara atayanunua kwa 300. Mchimbaji hana habari ya jiwe lile la kwanza lililolala katika karatasi, ndani ya kasha. Auliza: «Utanipa ngapi, tajiri?»

Mnunuzi ajibu nini? Tutenge hali tatu, maana hazifanani.

Hali ya kwanza: mchimbaji hajui kwamba jiwe lake ni spineli. Alidhani ni amethisti, jiwe jingine la zambarau, jepesi zaidi na la bei ndogo sana. Mnunuzi ajua, lakini aitikia: «Naam, amethisti,» na kumpa 5.

Hali ya pili: mchimbaji ajua kwamba ni spineli, na ajua kwamba lauzwa kwa 100. Hajui tu habari ya kifani chake. Mnunuzi ampa 100 kamili na kunyamaza.

Hali ya tatu: mchimbaji ajua kila kitu. Dalali amemnong'oneza kwamba tajiri analo jiwe la kwanza. Sasa yeye ndiye mwenye nguvu, naye asema: «Sitoi chini ya 200.»

Katika hali hizi tatu, nani amemdhulumu nani?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyachungua mambo haya katika kitabu chake kikubwa cha Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77. Juu ya hali ya kwanza hana shaka. Muuzaji akiuza dhahabu kwa kudhani ni shaba, na mnunuzi akijua, mnunuzi amenunua bila haki naye ana wajibu wa kurudisha. Hapa hakuna la kujitetea. Hawakupatana juu ya bei. Hawakupatana hata juu ya kitu. Mmoja aliuza amethisti, wa pili alinunua spineli. Kuitikia jina la uwongo ni kuiba kwa mdomo.

Juu ya hali ya tatu pia ametoa fundisho. Ikiwa muuzaji atapata hasara ya kweli kwa kukosa kitu chake, aweza kuuza kwa bei ya kufidia hasara hiyo. Lakini ikiwa hana hasara zaidi, bali mnunuzi tu ana faida kubwa, muuzaji asipandishe bei kwa sababu hiyo. Maana faida ile yatoka katika hali ya mnunuzi, wala mtu hawezi kuuza kisicho chake. Basi na mchimbaji naye ana mipaka. Umaskini haumpi ruhusa ya kumkaba mwenzake.

Na hali ya pili? Kwa hoja ile ile, mnunuzi aliyelipa 100 hakumnyima mchimbaji haki yake. Amelipa thamani ya jiwe. Lakini Mtakatifu Tomaso aongeza neno dogo ambalo wengi hulipita: yule aliyefaidiwa sana aweza kwa hiari yake kumwongezea muuzaji kitu, na hilo ni jambo la uungwana wake.

IV. Wanaopinga

Wengine watasema: Kwa nini kujisumbua? Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Soko ni vita ya akili. Mwenye kujua na ale matunda ya kujua kwake.

Twajibu: Methali hiyo yasema habari ya mtu asiyetaka kufahamu. Haikutungwa ili iwe ufunguo wa kuingilia nyumba za watu. Tena tutenganishe elimu na siri. Elimu ya kutambua spineli ni mali ya mnunuzi. Aliisoma kwa miaka na kwa hasara, naye astahili kula matunda yake. Lakini jina la kweli la jiwe si siri yake. Ni ukweli wa kitu kilicho mkononi mwa mwingine.

Wengine watasema kinyume: Basi aseme yote! Amwonyeshe jiwe la kwanza kabla ya kutaja bei. Kunyamaza ni kudanganya.

Mashindano haya ni ya kale sana. Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa watu, aleta mfano wa mfanya biashara aliyetoka Alexandria na merikebu ya nafaka kwenda Rhodes, ambako watu walikuwa na njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zinakuja nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza ghali? Mwalimu mmoja, Diogenes wa Babeli, alisema kwamba kunyamaza si kuficha. Mtu hana wajibu wa kusema kila linalomfaa mwenzake kusikia. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: sisi wanadamu tu jamaa moja, na faida yangu isijengwe juu ya kutojua kwako. Cicero alimfuata Antipater. Mtakatifu Tomaso alikuwa mpole zaidi: muuzaji anayeuza kwa bei iliyopo leo havunji haki kwa kunyamaza juu ya kesho, lakini akisema, au akipunguza bei, ametenda kwa wema mkubwa zaidi.

Sisi twaona kwamba kumlazimisha mnunuzi kusema yote kabla ya bei ni kumlazimisha kuweka shingo yake mkononi mwa muuzaji, kama katika hali ya tatu. Basi hatusemi kwamba kila kunyamaza ni uwongo. Lakini kunyamaza kuna jirani zake, nao ni wabaya. Mnunuzi mwenye furaha moyoni hukunja uso. Asema: «Rangi yake imelala. Siku hizi zambarau haitakiwi. Nachukua tu kwa kuwa umetoka mbali.» Hapo hakunyamaza tena. Amesema, na amesema uwongo. Tena huo ni uwongo mbaya, kwa sababu umemfanya mchimbaji alidharau jiwe lile lile ambalo mnunuzi amelitamani miaka mitatu.

V. Hukumu yetu

Hata hivyo haitoshi kusema: alilipa 100, basi yamekwisha. Twataka kuongeza mambo mawili.

La kwanza. Bei ya kawaida ni bei ya haki pale tu ambapo muuzaji angeweza kukataa. Mchimbaji mwenye mtoto mgonjwa nyumbani, mwenye deni la chakula dukani, ambaye gari la kurudi laondoka saa kumi, huyo hana nafasi ya kukataa. Akipewa 60 atapokea, na akipewa 40 atapokea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo mnunuzi asiseme: tumepatana kwa hiari. Ajiulize: mtu huyu, kama angekuwa ameshiba, angekubali? Kwa ajili hiyo ni jambo jema kwamba tangu mwaka 2019 serikali ya Tanzania imefungua masoko ya madini mikoani, ambamo mawe hupimwa na kuuzwa hadharani. Soko la wazi laondoa giza nyingi. Lakini hakuna soko linaloweza kufungua kasha la mnunuzi na kutangaza jiwe lililomo. Hapo yabaki dhamiri.

La pili. Tumesikia kwamba faida ya mnunuzi yatoka katika hali ya mnunuzi. Mfano wa wazi ni mtu mwenye kiu anayenunua maji: kiu ni yake, si ya mwuza maji. Lakini jozi si kiu. Ile ziada haikutoka katika jiwe la kwanza peke yake. Kama mnunuzi akisema, «Jiwe langu ndilo lililolipa jiwe lako thamani,» mchimbaji aweza kujibu kwa maneno yale yale, naye atakuwa amesema kweli. Miaka mitatu jiwe la kwanza lilikuwa zuri bure, mpaka la pili lilipokuja na rangi yake, na upana wake, na namna yake ya kuwaka penye taa. Kila moja ni kifani cha mwenzake. Hakuna moja linaloweza kusema, mimi ndimi jozi.

Basi mnunuzi na afanye hesabu kwa moyo mnyofu. Atoe kwanza gharama zake: fedha iliyolala miaka mitatu, mkataji atakayelipwa, na hatari kwamba sonara atabadili nia. Hizo ni zake kwa haki. Kinachobaki baada ya hapo, akitambue kuwa ni kitu kilichookotwa mahali wawili walipokutana. Sheria haitamdai. Hakimu hatamwita. Lakini mtu muungwana akiokota kitu pamoja na mwenzake, hakitii chote mfukoni kwa sababu tu mwenzake alikuwa akitazama upande mwingine. Amgawie. Hatusemi nusu, hatusemi robo. Twasema kiasi ambacho, kama mambo yangegeuka, yeye mwenyewe angepokea bila uchungu.

Na wajibu huu haukomi mlangoni pa mnunuzi. Sonara akiuza herini, amwambie mteja kwamba mawe yalingana mchana na usiku, au kwamba yalingana mchana tu. Amwambie kama ni ya ardhini au ni ya kiwandani. Kama tofauti ndogo imo, aitaje. Tofauti iliyotajwa ni sehemu ya bei. Tofauti iliyofichwa ni sehemu ya wizi. Na mteja naye asidai usawa usio na maana, hata jiwe zuri likatwe mara tatu kwa ajili ya upungufu ambao hakuna jicho litakalouona masikioni mwake. Mawe haya yalilala ardhini kwa muda usiohesabika. Yakipunguzwa, yapunguzwe kwa sababu.

Labda mtu atauliza: kwa mambo mengi namna hii, nitajuaje upesi kama nimetenda haki, nikiwa nimesimama mbele ya mtu, na jiwe lipo mkononi?

Twampa kipimo kimoja, wala hakihitaji mizani. Malipo yakiisha kutolewa na kupokewa, fikiri kwamba unafungua kasha lako, unakunjua karatasi, na kuliweka jiwe la kwanza kando ya hili la pili, mbele ya macho ya yule aliyekuuzia. Je, ungethubutu? Kama ungeona haya, kama ungengoja kwanza aende zake na gari lake lipite kilima, basi jua kwamba umechukua kitu chake. Lakini kama ungeweza kumwita, «Njoo, ndugu yangu, utazame ulichoniletea,» naye akainama juu ya karatasi nyeupe, akayaona mawe mawili ya zambarau yanawaka sawasawa, akafurahi pamoja nawe, basi ulinunua kwa haki.